Bi Kuruthumu na Uzi Usiotaka Maji

Mimi nauza uzi Kibiti, na ukitaka kuniudhi njoo dukani kwangu uchague uzi kwa kuulamba. Ndivyo alivyofanya Bi Kuruthumu siku ya kwanza. Aliingia, akatoa salamu zake zote, akaketi kwenye stuli ya wateja, akachomoa uzi mwekundu kwenye boksi la nyuzi za kudarizi, na kabla sijafumbua mdomo ncha ya uzi ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wake.

"Bi Kuruthumu, huo ni uzi, si ukindu!"

"Natazama kama utalainika, Mwanaidi."

"Umeshalainika huko ulikotoka. Hautaki mate, hautaki maji. Na huo mwekundu ndiyo kabisa, ukiona maji tu unachuja."

Aliutoa, akaufuta kwenye khanga, akasema haya. Wasusi wa mikeka wakikwambia haya, maana yake wamekusikia. Kufuata ni jambo jingine.

Mtu huyu alianza kusuka mikeka hajavunja ungo. Kwao Mohoro ukindu aliukata mwenyewe kandokando ya mto, akauanika, akauchemsha na rangi, akauchana, na siku za kusuka akauweka umefungwa ndani ya khanga mbichi ili usikatike. Mikeka yake ilitafutwa mpaka Dar es Salaam. Kisha yakaja mafuriko yale, mto ukaingia nyumbani bila kupiga hodi, ukachukua kuku, ukachukua ukuta wa upande wa jikoni, ukaozesha mikindu yake yote. Akahamia Bungu, yeye na Nusaiba, mke wa mwanawe. Pale Bungu, barabarani, ukindu hakuna. Kuna korosho, mihogo na malori.

"Unataka kudarizi nini?" nilimuuliza.

"Foronya. Mbili. Za harusi."

"Harusi ya nani?"

Alikuwa anazitazama fremu za kudarizia nilizoning'iniza ukutani. "Ya Nusaiba," akasema.

Nikanyamaza. Wanaonijua watakwambia kwamba hilo si jambo dogo.

Muharami, mwanawe wa pekee, mume wa Nusaiba, aliondoka na wenzake kwenda Sauzi kutafuta maisha, miaka kadhaa kabla ya mafuriko. Walipitia Msumbiji. Alipiga simu mara moja, akasema wanasubiri gari, akasema chaji inakwisha, akamwomba mama yake asimuuze yule mbuzi wake. Baada ya hapo namba haipatikani. Wenzake nao kimya. Watu waliulizia kwa madereva, kwa waliorudishwa mpakani, kwa kila aliyepita, na hakuna aliyemwona hai wala aliyeona kaburi lake. Mtoto hakuacha. Mbuzi alikufa kwa uzee, hajauzwa.

Sasa ole wako utangulize neno marehemu kwenye jina la Muharami. Mimi liliniponyoka mara moja, kwenye msiba wa jirani. Bi Kuruthumu aliinuka pale mkekani, akaniambia mbele za watu, "Umemwosha weye? Umemzika weye? Basi funga mdomo." Nikaufunga. Na Nusaiba alipokwenda kwa shehe, ikaamuliwa kwamba amesubiri vya kutosha, akae eda kama aliyefiwa kisha awe huru, Bi Kuruthumu hakukubali neno eda litamkwe nyumbani kwake. Mwanamke yuko ndani miezi minne na siku kumi, hapaki wanja, havuki kizingiti, na kila mgeni akija mkwewe anamwahi mlangoni: "Nusaiba ana homa." Homa gani hiyo? Tulicheka, tena mimi nikiwa wa kwanza. Nikikumbuka leo sioni cha kuchekesha.

Aliyemposa Nusaiba ni Haidari, mkulima wa mpunga wa Ngorongo, mtu mtaratibu aliyefiwa na mkewe. Hapakuwa na ubaya wowote kwake. Ubaya ulikuwa kwenye kitanda. Kwetu bibi harusi, awe mwari au awe mtu mzima, kitanda chake cha kwanza kwa mume hutandikwa na mama yake au aliyesimama mahali pa mama. Anakitandika mbele ya wanawake wa upande wa mume, kisha anasema kwa kinywa chake kwamba mwanangu namtoa kwa radhi. Bila maneno hayo ndoa haivunjiki, lakini sijamwona mwanamke aliyekubali kulala kwenye kitanda kisichosemewa. Na Nusaiba hana mama, hana baba, bibi aliyemlea yuko kaburini. Katika dunia nzima mama aliyebaki wa kumtandikia ni mama yake Muharami.

Basi Nusaiba alimpelekea kitambaa cheupe cha foronya, akapiga magoti, akaomba. Bi Kuruthumu akakipokea. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ukindu ungekuwepo angesuka mkeka, na usingepatikana mwingine wa kuufikia. Ukindu haupo, ndiyo akaja kulamba uzi wangu.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wote wa barazani, ninaowafundisha kudarizi kila Jumamosi. Mshono huu wengine wanauita mshono wa msalaba, akina mama wengine wanaona afadhali waseme mshono wa eksi, na mimi sina ugomvi na yeyote, mradi wanunue kwangu. Unachukua kitambaa chenye vitundu. Uzi unapita mshazari huku, unarudi mshazari kule, unahesabu vitundu, unakwenda mbele. Uzi wa kudarizi ni nyuzi sita ndogo zilizokaa pamoja. Mwanafunzi anatenga mbili, anashonea hizo, nyingine anazihifadhi. Fremu anachukua ndogo ya duara, inayokaa mkononi, ili kitambaa kikazike na mkono usichoke.

Bi Kuruthumu alisikiliza yote kwa adabu, akachukua fremu kubwa kuliko zote.

"Hiyo ni ya mafundi," nikamwambia. "Itakulegea katikati."

"Mkeka haushonwi ndani ya kikombe, mwanangu."

Nyuzi nazo alitaka zote sita kwa pamoja, kwa sababu mbili anaziona nyembamba kama za kuchezea watoto. Nilimtolea rangi ya waridi, akasema imepauka. Bluu akasema ni ya sare za shule. Zambarau aliishika kidogo, akairudisha. Akaukumbatia ule mwekundu na kijani cha majani ya mpunga, rangi za mikeka yake. Nilimwonyesha michoro ya maua na ya ndege, na ule unaopendwa na wote, ulioandikwa Lala Salama chini ya waridi.

"Maneno sina," akasema. "Nitatia nakshi ya mkeka."

Nilijua alichokuwa anasema. Sikumlazimisha.

Akawa anakuja barazani Jumamosi, ananunua na mihogo ya kukaanga, anakaa mwisho wa mkeka karibu na ukuta. Kuhesabu hakumsumbua hata kidogo, nakshi zote zilikuwa kichwani. Kilichomsumbua ni mkono. Ukindu unauvuta mpaka ukaze, na yeye aliuvuta uzi hivyo hivyo, kitambaa kikajikunja kama uso wa mtu anayelia. Fremu ikalegea katikati, kama nilivyosema. Sindano ikamchoma mpaka akaiita mwanaharamu. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, nikamwambia, na wanafunzi wote wakacheka, naye akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini foronya ya kwanza ilikuwa inakwenda. Pembeni mwake palianza kuonekana mkeka wa Mohoro, mwekundu na kijani, mdogo mdogo, mzuri wa kukufanya uuguse kwa kidole.

Wakati wote huo hakuitaja harusi. Ukimwuliza, anakujibu mambo ya vitundu.

Kisha ikaja Jumamosi aliyofika amechelewa, ameibana foronya kwapani. Aliifungua mbele yetu bila kusema neno. Wekundu ulikuwa umetoka kwenye nakshi, umetembea kwenye kitambaa cheupe, umetuama katikati mahali pa kuweka shavu. Ile foronya ilionekana kama imelaliwa na mtu aliyejeruhiwa.

"Umeifanya nini?" nikapiga kelele.

"Niliifunga kwenye khanga mbichi," akasema. "Jana, nilipomaliza kushona. Isikauke."

Nilishika kichwa. Mtu anafunga uzi kwenye khanga mbichi! Lakini mikono ile ilikuwa imefunga ukindu kwenye khanga mbichi kila jioni ya maisha yake, na mikono haisikilizi darasa la wiki chache.

Balaa halikuishia hapo. Siku hiyo hiyo Hajira, dada yake Haidari, alikuwa amekuja kutoka Ngorongo kununua lesi za pazia, na alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Hajira hana kifua. Aliitazama foronya, akamtazama Bi Kuruthumu, akaweka mkono kiunoni.

"Hii ndiyo ya kulalia kaka yangu?"

"Imechuja," nikasema haraka. "Uzi umechuja, basi."

"Uzi huchuja ukitiwa maji, da Mwanaidi, na mwenye kuutia maji ni mtu. Huyu mama hajaridhika, na mtu asiyeridhika asishike kitanda cha watu. Kitanda nitatandika miye mwenyewe."

Akaondoka na lesi zake. Bi Kuruthumu hakumjibu hata neno moja, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mimi aliwahi kunijibu msibani.

Kwa hiyo jambo lilikuwa limefika pale. Nusaiba aliomba radhi ya mama yake wa pekee, na mji mzima sasa utasikia kwamba amepewa nuksi. Na mimi, nasema kweli, nilikuwa na shaka yangu kwamba amekusudia. Nilimwambia kuhusu maji. Nilimwambia siku ya kwanza, uzi ukiwa bado una mate yake.

Jumatatu alikuja tena, peke yake, na ndimu na kipande cha sabuni. Akakaa barazani na beseni, anasugua. Kila akisugua doa linapanuka. Nilimwambia aache, hakuacha. Nilikuwa ndani napanga vifungo niliposikia Nusaiba anapiga hodi. Alikuwa ametoka Bungu kwa miguu mpaka alipopata lifti, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Habari za Hajira zilishamfikia. Habari za Hajira hazihitaji lifti.

Hakumsalimia mkwewe. Aliniita mimi. "Shangazi Mwanaidi, ulimwambia kwamba uzi huu hautaki maji?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa.

"Nilimwambia," nikasema.

Nusaiba akageuka. "Mama."

Bi Kuruthumu aliacha kusugua. Mikono yake ilikuwa imekuwa ya waridi mpaka kwenye vifundo.

"Kuifunga kwenye khanga sikukusudia," akasema. "Wallahi, ilikuwa mikono tu. Lakini asubuhi nilipoifungua nikaona ilivyochuja, sitakuficha, mwanangu. Nilifurahi. Nilikaa kitandani nikafurahi. Nikasema basi, Mungu mwenyewe amekataa, si miye."

Nilishika mlango. Nilidhani Nusaiba atapiga mayowe, na angepiga nisingemlaumu. Badala yake aliketi chini, upande wa pili wa beseni, akavua viatu.

"Na mie nilipokuletea kitambaa," akasema, "nilikuwa naomba unitupie usoni."

"Kwa nini?"

"Ili nibaki. Ungekataa, ningemwambia Haidari mama hataki, na watu wangesema mama hataki, nami nisingekuwa niliyemwacha Muharami. Tungekaa wote wawili Bungu tunatazama barabara." Alikuwa ameshaanza kulia, analia na huku anaongea. "Hata sasa, mama. Sema hapana moja. Sema tu, nami nitabaki."

Hakuna aliyenipa ruhusa ya kusikiliza, lakini ningekwenda wapi, duka ni langu. Nilimwona Bi Kuruthumu anatazama yale maji mekundu. Neno moja lilitosha. Hana mtoto, hana mjukuu, nyumba imeharibiwa na mto, na binti wa pekee anayempikia chai asubuhi yuko mbele yake anamsihi akatae. Mimi ningekatalia hapo hapo. Ningekata neno na kesho ningejuta, lakini ningekata.

"Ungebaki kweli?" akauliza.

"Ningebaki."

"Mpaka lini?"

Nusaiba aliinua mabega tu, kama mtoto aliyeulizwa jambo la wakubwa. Bi Kuruthumu alimtazama yale mabega kwa muda. Kisha akasimama, akakausha mikono kwenye khanga, akaingia dukani, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa fremu.

"Nipe hiyo ndogo," akasema. "Na kitambaa kingine. Na hizo nyuzi unionyeshe tena namna ya kuzitenga mbili mbili."

"Rangi gani?"

"Ile ile nyekundu. Sasa nimeshaijua tabia yake."

Nilipotoka nje Nusaiba alikuwa ameikamua ile foronya yenye doa, ameikunja, anaitia kwenye mkoba wake. Nikamwambia aiache nitaitupa. "Hii ni yangu," akasema, na akafunga zipu.

Bi Kuruthumu alidarizi foronya mbili kwa siku zilizobaki kabla ya harusi, kila siku barazani kwangu, na fremu ndogo mkononi. Hakucheka hata nilipomtania. Nilikuwa namwekea chai, inapoa, namwekea nyingine. Siku moja kichwa kilimwinamia juu ya kitambaa nikadhani amesinzia, kumbe machozi, na alikuwa ameinama pembeni makusudi yasije yakaangukia uzi.

Hajira hakutaka kumpisha. Ilibidi Haidari mwenyewe aseme kwamba kitanda ni chake, na atalala juu ya kitakachotandikwa na mama wa mkewe. Mtu mtaratibu, nilikwambia.

Tulikwenda Ngorongo Ijumaa. Nyumba ilikuwa na harufu ya mchele mpya na ya udi. Wanawake wa upande wa Haidari walijaa chumbani wamesimama mpaka kwenye kona, Hajira mbele yao na mkono wake kiunoni, na Nusaiba ameketi kwenye stuli amefunikwa leso. Bi Kuruthumu alitandika shuka, akaibana pembe zote. Akavisha mito foronya zake. Weupe ulikuwa weupe, na pembeni nakshi ya mkeka imekaa sawasawa, haina mkunjo. Wanawake walizikaribia kutazama, mmoja akasema mashaallah. Hata Hajira alipitisha kidole juu ya nakshi, kisha akakitazama kidole.

Yakabaki maneno.

Bi Kuruthumu alisimama miguuni pa kitanda. Alifungua mdomo, akaufumba. Vigelegele vilivyokuwa vimeshikiliwa vikawa vinangoja. Nilimwona ameshika ncha ya khanga yake anaisokota kama anavyosokota ukindu, nikawaza, jamani, atasema, au atatuaibisha, na nikawaza kwamba akinyamaza sitamwona mbaya.

"Mimi Kuruthumu," akasema, "mama wa Muharami."

Akasita. Akaanza tena.

"Mimi Kuruthumu, mama wa marehemu Muharami. Huyu alikuwa mke wa mwanangu. Sasa ni mwanangu, na namtoa kwa radhi yangu yote."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Leso ya Nusaiba ilianza kutikisika, kisha sauti ikamtoka, si kile kilio cha bibi harusi tulichokizoea, kilio cha adabu. Alilia kama anayelilia maiti iliyoko chumba cha pili. Hajira alimsogelea kumnyamazisha, harusi ya watu haililiwi hivyo, na Bi Kuruthumu akamzuia kwa mkono.

"Mwache," akasema. "Mwache alie. Mwanangu hakupata matanga. Haya ndiyo matanga yake."

Akaketi chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, kama mama wa maiti anavyoketi. Nami nikaketi. Wakaketi mmoja mmoja, wale wa mbele kwanza, Hajira mwisho, na wote tuliinua mikono tukamsomea Muharami Fatiha, kitanda cha harusi kimetandikwa mbele yetu.